Haragwe la Bibi Melania

Ukipita kwa Bibi Melania, hapa kwetu Kirushya, utaona vigingi viwili vimetokeza ukutani chini ya paa la mbele. Vimelainika kama mpini wa jembe la zamani. Siku hizi kimoja kimetundikwa kikapu, kingine hakina kitu. Nilipokuwa darasa la pili, vigingi hivyo ndivyo vilivyobeba ngobyi ya kitongoji chetu.

Nieleze kidogo kwa asiyetoka huku. Ngobyi ni kitanda cha kusuka, kirefu kama mtumbwi mdogo, kimefungwa kwenye miti miwili. Kwetu ni vilima na migomba, gari linaishia barabarani, kwa hiyo mgonjwa anabebwa na majirani. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu. Kila mbebaji ana bega lake. Mwenye goti bovu la kulia anapewa nafasi ya bega la kushoto, ili mzigo uulalie mguu mzima. Baba yangu, Philbert, ni mrefu, anabeba nyuma kwa bega la kulia. Na ukifa, ni hiyo hiyo ngobyi inayokupeleka kaburini. Kila kaya imo katika kikundi. Mtu wa kwetu akitaka kukulaani kabisa hasemi ufe. Anasema, "Utajibeba."

Ngobyi ilikaa kwa Bibi Melania kwa sababu aliyeisuka ni marehemu mumewe, Mzee Gidioni, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa kikundi. Alipokufa, wazee walisema ibaki pale pale, maana paa la yule mama halivuji. Uenyekiti ukaenda kwa rafiki yake, Mzee Anastazi. Bibi akabaki na ngobyi ukutani na nyumba kimya. Binti yake alifariki angali mdogo. Mwanawe, Kwizera, alihamia Nyamigogo, kule Biharamulo, kutafuta shamba kubwa, akaoa huko, akawa mtu wa salamu. Mwanzoni salamu zilikuja kila msimu wa kahawa. Baadaye zikawa zinakuja ikitokea tu mtu wa kuzileta. Halafu zikakoma.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi watoto tulikuwa tunakwenda kukishangaa: Agano Jipya lenye jalada lililoungua pembeni, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye mafundisho ya ubatizo, na mpaka leo anasoma kwa kidole, midomo inacheza. Jumapili akisikia mstari kanisani, anarudi nyumbani kuutafuta. Akiupata anaweka hapo punje ya haragwe, anafunga kitabu. Na haragwe halitoki hapo mpaka awe ameutenda huo mstari. Si kuukariri. Kuutenda. Kwenye ule wa kumpenda adui lilikaa tangu tunapanda maharage hadi tunavuna.

Siku moja katekista alimtania: "Mama Kwizera, kwa mwendo huu kitabu utakimaliza lini?"

"Si mimi ninayekimaliza," alijibu. "Ndicho kinachonimaliza mimi."

Mwisho wa mwaka 1993 Warundi walianza kuvuka mpaka, wakikimbia vita kwao. Walishuka vilimani na magodoro vichwani, masufuria, mbuzi, watoto wasio na viatu, vizee wamebebwa mgongoni. Lugha yao na Kihangaza chetu zinasikilizana kabisa, ukifumba macho hujui ni nani anaongea. Wiki ya kwanza kila nyumba ilipika. Mama yangu alipika ndizi kwenye sufuria la harusi. Wiki ya tatu watu walianza kufunga milango mapema. Mikungu ilikuwa inakatwa bila kuombwa, kisima kinakauka saa nne asubuhi. Sisemi watu wetu walikuwa wabaya. Walikuwa wamechoka.

Katika wiki hiyo ya tatu, mwanamke mmoja mjamzito aliyeitwa Nkeshimana alikaa chini mbele ya mlango wa Bibi Melania akashindwa kuinuka. Yeye na mumewe walikuwa wamepotezana njiani. Bibi alimwingiza jikoni. Uchungu ukaanza, ukapita siku nzima, ukaingia siku ya pili, na mtoto hatoki. Haragwe la Bibi siku hizo lilikuwa kwa Mathayo, pale Bwana anaposema alikuwa mgeni, kuna waliomkaribisha na kuna waliomwacha nje.

Akaenda kwa Mzee Anastazi kuomba wabebaji. Mimi nilikuwa kisimani, na uwanja wa Mzee Anastazi unapakana na kisima, nilisikia yote.

"Umewahesabu, Shemeji?" Mzee Anastazi alimwita shemeji kwa sababu ya urafiki wake na marehemu. "Leo tumbebe huyu, kesho wataleta kumi. Mabega ni ya nani? Na wetu akiugua ngobyi iko njiani na mgeni, nitamwambia nini?"

"Wetu hajaugua, Mzee. Huyu anaumwa leo."

"Ngobyi ni ya wanakikundi. Kanuni hiyo aliiweka mumeo."

"Aliiweka. Nikimfikia nitamwambia."

"Mwambie. Lakini mimi sijatoa ruhusa."

Bibi Melania alirudi nyumbani, akachukua panga, akakata kamba, akaiteremsha ngobyi mwenyewe. Ilikuwa kama saa saba mchana. Alisimama njiani akawaita wanaume wanne wa Kirundi waliokuwa wanapita, hawajuani hata wao kwa wao, mmoja mrefu na mwingine mfupi, wakainua upande upande. Yeye akatangulia kuonyesha njia. Nakumbuka walivyopita kisimani: ngobyi imepinda kama nyumba inayotaka kuanguka, na ndani mtu analia kwa sauti ya chini. Mzee Anastazi alisimama uwanjani kwake akatazama. Hakuwazuia. Hakuwasaidia.

Walifika hospitali ya wilaya jua linazama. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, na mama yake akapona. Wakamwita Iradukunda, yaani Mungu anatupenda.

Ngobyi ilirudi siku ya tatu. Bibi alikuwa ameiosha kijitoni kwa mchanga na majani, lakini damu ilikuwa imeingia kwenye msuko.

Kesi ilisikilizwa Jumapili baada ya ibada, uwanjani kwa Mzee Anastazi. Kwetu adhabu ya kosa la ngobyi inajulikana: chungu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kusema mbele ya wote, "Nimekosa, nisameheni." Ukishasema, mirija inatumbukizwa, mnakunywa pamoja, kesi imekufa, hakuna wa kuitaja tena. Watu walitaka iishe hivyo. Mimi nilishika mirija. Bibi alikuja na chungu kichwani, kimefunikwa jani, akakiweka katikati, na watu wakashusha pumzi kwa furaha kwamba mama huyu ana akili.

"Haya, Shemeji," alisema Mzee Anastazi, "sema, tunywe."

"Nimewaudhi," alisema Bibi. "Hilo naliona, na linaniuma. Nimechukua bila ruhusa, na nimeleta chungu."

"Endelea."

"Nimefika."

Watu wakacheka kidogo. Mzee Anastazi naye akacheka. "Bado neno moja."

"Hilo neno nimelitafuta tangu juzi, Mzee. Nikisema nimekosa kumbeba yule mwanamke, nitakuwa nimedanganya, na nitakuwa nimedanganya mbele ya pombe yangu mwenyewe. Nipeni neno lingine, nitalisema."

"Hakuna neno lingine! Kanuni ina neno hilo hilo!"

Mama yangu, Anjelika, ana ulimi, sitaficha. Akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Basi siku yake abebwe na Mtume Paulo! Petro ashike nyuma!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Bibi Melania naye alitabasamu, nakumbuka. Halafu Mzee Anastazi akasema kwamba asiyekosa hasamehewi, na asiyesamehewa si mwanakikundi, na anayekula au kunywa na aliyetolewa naye ametoka. Wanaume wawili wakaenda kutoa ngobyi kwenye vigingi. Mmoja wao alikuwa Baba.

Bibi alijitwika chungu chake akarudi nacho. Hakuna aliyekigusa. Alitembea polepole ule mwinuko wote na hakikumwagika hata tone. Watu wa kwetu wanajua maana ya chungu kurudi nyumbani kimejaa.

Tangu hapo hakuna aliyekwenda kwake kuomba moto wala chumvi. Msibani alikuwa anakuja, anakaa mwisho kabisa, karibu na kuni. Akileta kikapu cha maharage, kinawekwa pembeni, na watu wakitawanyika anakikuta pale pale. Mama hakunikataza kwenda kwake, alinikataza kula. "Nenda, lakini mdomo wako uuache hapa." Nilikuwa nakwenda kwa sababu ya kile kitabu, na kwa sababu ya Iradukunda, maana Nkeshimana hakwenda kambini na wakimbizi wenzake. Alibaki kwa Bibi, wakalima pamoja. Bibi alikuwa anachoma ndizi, ananikatia kipande, halafu anakumbuka, anakirudisha kwenye sahani. Hakunilaumu. Lakini kila mara alinikatia. Sijui kama alikuwa anasahau kweli.

Miaka minne ile nyumba ilikuwa na kelele zake. Iradukunda alikuwa anamfuata Bibi kila mahali, ameshika nguo yake, anauliza maswali kama askari wa mpakani. Nkeshimana alikuwa anacheka kwa sauti mpaka huku kwetu tunasikia, na Mama anasema, "Hao nao wanacheka nini?" Si kwa ubaya sana.

Halafu ikaja Desemba ya mwaka 1997. Mvua mwaka ule ilikuwa haijui kupumzika. Jumapili ya tatu ya Majilio tulisomewa pale Paulo anapowaambia Wafilipi wafurahi katika Bwana siku zote, kisha anarudia, kana kwamba ameona hawakumsikia. Padre akatukumbusha kwamba aliyeandika hivyo alikuwa amefungwa. Bibi Melania akaenda nyumbani akaweka haragwe lake hapo.

Jumanne lori likaja.

Serikali ilikuwa imesema wakimbizi wote walioko vijijini waende kambini. Askari hawakuwa wakali, walikuwa wamelowa tu na wanataka kumaliza. Nkeshimana alifunga godoro na sufuria. Iradukunda alishika kikombe chake cha bati. Bibi alimfuata yule askari mdogo aliyekuwa anaandika majina.

"Mwanangu, na mimi niandike."

"Shikamoo, Bibi. Wewe si Mtanzania?"

"Marahaba. Ndiyo, Mtanzania."

"Basi huwezi kupanda."

"Kwani ni kosa?"

Askari akacheka, halafu akaacha kucheka. "Bibi, tafadhali."

Iradukunda hakulia. Alidhani ni safari. Alimpungia kwa kile kikombe na kusema, "Bibi, njoo kesho!" Lori likakata kona kwenye migomba, ukabaki mlio wake tu, likipanda kilima kwa taabu, kwa muda mrefu sana.

Nilikuwa likizoni, basi kesho yake nilikwenda. Nilimkuta amepika chakula cha watu watatu. Amekipakua kwenye sahani tatu, anaitazama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Francisca. Mkono umezoea," akasema. Akarudisha sahani mbili sufuriani.

Mimi ni mtu wa kuuliza, mwalimu wetu alikuwa ananiita Kwanini. Niliona kitabu mezani, kamba imefungwa, nikajua haragwe liko wapi. Nikauliza, "Bibi, na huo mstari utaufanyaje sasa?"

Hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa.

"Usiku nimeusoma tena. Anasema siku zote. Nimetafuta mahali anaposema isipokuwa. Nimetafuta ukurasa ule na unaofuata. Hakuna."

"Labda maana yake ujaribu tu."

"Hajasema mjaribu. Angetaka kusema mjaribu angesema, alikuwa mtu wa maneno mengi."

"Sasa utafurahi vipi, na umebaki peke yako?"

"Sijui," alisema Bibi Melania. "Ndiyo maana haragwe liko pale."

Nilidhani mtu wa Mungu ana jibu. Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, kama mtu aliyepewa hesabu isiyo na jibu nyuma ya kitabu.

Lakini nilianza kumchungulia. Kila asubuhi, kabla ya jembe, alikuwa anakwenda mwisho wa shamba lake, mahali penye mgomba mmoja mzee ulioegemezwa nguzo, anasimama hapo na kusema kitu. Ikanishinda, nikamuuliza. Akasema anampelekea Mungu jambo moja la kufurahia, la kweli, si la kubuni.

"Juzi nilimwambia juu ya mvua kwamba haikuingia ndani. Jana, kwamba Iradukunda alitoka na kikombe chake, atanywea kitu anachokijua."

"Na leo?"

"Leo sikupata."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda hivyo hivyo. Nikamwambia, Bwana, leo sina kitu, lakini nimekuja. Nikasimama pale mikono mitupu. Nikakaa sana. Francisca, nitakwambia jambo, usicheke. Niliposimama pale bila kitu, ndipo niliona hakuondoka. Nilikuwa nafikiri nampelekea furaha. Kumbe yeye ndiye alikuwa ananingoja pale."

Sikucheka. Lakini pia sikuelewa. Nilimtazama usoni nione kama kuna furaha, nikaona mwanamke mzee ambaye hajalala vizuri.

Mwezi wa tatu mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba. Ulivimba hadi gotini, ukawa unang'aa, na homa ikaja jioni baada ya jioni. Njia zilikuwa tope tupu. Kila mtu kitongojini alijua. Ndipo lile neno la Mama, lililosemwa kwa kicheko miaka minne nyuma, likaanza kuzunguka tena majikoni, ila sasa hakuna aliyecheka. Mama mwenyewe aliniuliza, "Anakula?" Nikasema kidogo. Akaendelea kupepeta maharage, anapepeta yale yale yaliyokwisha kupepetwa.

Jumamosi moja nilikuwa kwa Bibi namenya ndizi zake, maana kumenya hakukukatazwa, akaingia Mzee Anastazi. Hakuwa ameingia humo tangu 1993. Alichechemea, goti lake la kulia lilikuwa limeharibika, akabaki amesimama mlangoni.

"Karibu, Mzee. Kaa."

"Sitakaa, Shemeji. Nimekuja kuona mguu." Akauona. Akavua kofia. "Huo mguu ni wa hospitali."

"Ni wa hospitali."

"Sema neno moja, Shemeji. Hapa hapa. Si lazima mbele ya watu. Useme 'nimekosa', mimi nitawaambia nimelisikia, na baada ya saa moja ngobyi iko hapa mlangoni. Vijana nimeshawaambia wakae karibu. Neno moja!"

Nikaacha kumenya, nikamtazama Bibi. Nilimwomba kimoyomoyo alitamke. Nani angejua? Mungu angeelewa, si ndiyo?

"Mzee Anastazi, yule mtoto ana miaka minne na miezi minne. Nikisema nilikosa, nitakuwa nimemwambia asingekuwepo."

"Hatasikia. Yuko kambini!"

"Mimi nitasikia." Kisha akasema, "Lakini lipo kosa. Nilikuchukia. Tangu ile Jumapili hadi Noeli ya mwaka uliofuata, nilikuwa nikikuona kanisani nabadilisha benchi. Hilo ni kosa langu, naliungama mbele yako na mbele ya mtoto huyu. Nisamehe."

Mzee Anastazi aligeuza kofia mkononi. "Hilo halimo kwenye kanuni."

"Najua."

"Siwezi kuwapelekea hilo."

"Si la kwao. Ni lako."

Akageuka, akatoa kichwa mlangoni, akavitazama vile vigingi. Halafu akavaa kofia akatoka bila kuaga. Tulimsikia akiteleza kwenye tope, akijitukana mwenyewe kwa Kihangaza.

"Utafanyaje, Bibi?" nikauliza.

"Asiyebebwa," alisema, "inabidi aondoke mapema. Angali anaweza."

Basi Jumatatu asubuhi aliondoka kwa miguu. Alikuwa na fimbo na furushi: kanga moja, sufuria dogo, kitabu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilitaka kulibeba furushi, akaniambia niende shule. Nilimfuata kwa mbali, kama njia yangu ni hiyo. Alipita kila nyumba akisalimia, na watu walitoka wakajibu, wakasimama vibarazani mikono imening'inia. Wanaume wazima, wenye mabega. Baba alikuwepo. Alikuwa anatengeneza jembe ambalo halikuharibika. Bibi alimsalimia, "Umeamkaje, Philbert?" Baba akajibu, "Salama, Mama," akainama tena kwenye jembe.

Na alikuwa anaimba. Si kwa nguvu. Wimbo wa Majilio, wakati tulikuwa Kwaresima.

Alipofika kwa Mzee Anastazi, ngobyi ilikuwa imetundikwa chini ya paa, mpya mpya, maana ile ya zamani walishaichoma. Alipita bila kuitazama. Akawa ameshaanza kuteremka bondeni, ndipo Mzee Anastazi alipotoka. Mtu mmoja habebi ngobyi, hilo hata mtoto anajua. Alimfuata akichechemea, akamfikia, akanyoosha mkono akalichukua lile furushi, akajitwika. Waliteremka, wa mguu wa kushoto mbele, wa goti la kulia nyuma, mpaka migomba ikawaficha. Nilichelewa shule nikachapwa. Sikujali.

Tuliyojua baadaye alituambia Mzee Anastazi mwenyewe. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kikundi, hakungoja aulizwe. Alisema walitembea hadi giza likaingia, wakipumzika kila kilima. "Anaumwa, na anaimba," alisema, kama mtu anayeshitaki. "Nikamwambia, Shemeji, nyamaza, utaishiwa nguvu. Akaniambia hajamaliza mstari wake." Alisema hospitalini mgonjwa analishwa na ndugu zake, na ndugu hakuwepo. Kwa hiyo alipika yeye, kwenye lile sufuria dogo. Na sufuria lilikuwa moja, sahani hakuna. "Nimekula naye," alisema. "Siku tatu. Kanuni mnaijua, mimi ndiye niliyekuwa nawasomea."

Hakuna aliyetaka kutamka kwamba naye ametoka. Lakini kanuni ni kanuni, na wakitengua moja watatengua zote. Ikatamkwa. Mzee Anastazi akaenda akaiteremsha ngobyi kwake, akawakabidhi, akaingia ndani.

Bibi Melania alirudi baada ya Pasaka, kwa miguu, amekonda, mguu umepungua. Nilimkimbilia. Nyumba ilikuwa inanuka unyevu, panya walikuwa wamekula kikapu kimoja. Hakuna aliyemfagilia, na mimi nimesema ukweli juu ya wengine, basi niseme na juu yangu: hata mimi sikufagia. Alikaa kizingitini. Akafungua kitabu, nikachungulia. Haragwe lilikuwa pale pale, kwa Wafilipi, limeanza kusinyaa.

"Bado hujaumaliza, Bibi?"

"Huu hauishi. Kama ni siku zote, basi kila asubuhi unaanza upya. Haragwe hili litakaa hapa mpaka nife." Alisema bila huzuni. Alitazama ndani ya nyumba, mahali palipokuwa na godoro la Nkeshimana, akatazama sana. "Nyumba ni kubwa hii," akasema. Halafu akanikatia kipande cha ndizi.

Nikala.

Aliniangalia ninavyotafuna. Akanikatia kingine. Baadaye ndipo akacheka, kile kicheko kidogo cha puani. "Mwambie mama yako, Mtume Paulo bado hajafika, lakini nimepata mbebaji mmoja. Mzee, mwenye goti bovu. Nimebakiza watatu."

Jioni nilieleza nyumbani, pamoja na ndizi, maana nilijua wataisikia. Nilingoja kipigo. Mama alivuta ungo wake akaanza kupepeta. Akitolewa mmoja wetu tumetolewa sote, na mimi ndiye niliyekula. Baba alikuwa ameshika lile jembe lake.

"Mzee Anastazi," aliuliza bila kuinua macho, "goti lake bovu ni lipi?"

"La kulia, Baba."

"La kulia. Basi huyo ni bega la kushoto."

Akaliweka jembe chini, akajishika bega lake la kulia, akaliminya taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.